Mwanamke wa Chini ya Kiti

Juzi mtoto wa mjomba wangu alinifikia nyumbani kutoka Mpala na chupa ya mafuta ya mawese. Chupa yenyewe ilikuwa ya maji ya kununua, mdomo umefungwa kwa kipande cha nailoni na uzi wa nyavu. Alipoiweka mezani sikuhitaji kuambiwa ni ya nini. Mawese ya sokoni yananuka mawese tu. Haya yalinuka moshi, na nyumba iliyofungwa siku nyingi, na mti mzee, na kabla sijamwambia mgeni akae, magoti yangu yalianza kuuma. Nacheka ninapoandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Magoti yalikumbuka kabla ya kichwa.

Ninyi mliokulia Kalemie wakati mmoja na mimi mnajua namna tulivyolelewa. Vita vilikuwa vimekaa pande zote, watu wanaingia mjini na magodoro kichwani, na mtoto alilala pale alipoachwa. Mimi niliachwa kwa mama wa baba yangu. Mama yangu alikufa kabla meno yangu ya utoto hayajaanza kung'oka. Papa alikuwa mtu wa meli, anapanda hapa, anashuka Kigoma, anapanda tena, mpaka safari moja akashuka kule na hakupanda tena. Nikabaki na huyo mama yake. Tulimwita Kambo, kama tunavyowaita bibi na babu huku kwetu.

Kambo alikuwa mrefu, msafi, mtu wa misa ya kwanza. Sauti yake ilikuwa ya chini. Majirani walimsifu kwa heshima yake, na kweli sikuwahi kumsikia akitukana mtu. Ukatili wake haukuwa na haraka wala kelele. Aliufanya kama mtu anayechambua mchele, punje kwa punje, huku anaongea mambo mengine.

Chumbani kwake, kwenye pembe, kulikuwa na kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe. Kilichongwa kwa gogo moja, kifupi, urefu wa goti la mtu mzima. Juu palikuwa mviringo wa kukalia. Chini yake alipiga magoti mwanamke, mikono ameinua, amekishika kile kikalio kwa ncha za vidole na kwa utosi. Macho yake yalikuwa nusu wazi. Nywele zimesukwa kwenda nyuma, tumbo limejaa chale zilizoinuka, ukizipapasa unazihesabu kwa kidole. Kidole kimoja cha mkono wa kushoto kilikuwa kimevunjika. Mti wote ulikuwa mweusi wa kung'aa kwa mafuta ya miaka.

Jumapili baada ya misa, Kambo alileta wageni kukiona. Aliniambia nitoe kitambaa, yeye akasimama nyuma yao na mikono tumboni.

"Hii njo kiti ya mufalme," alisema, na njo huku kwetu ni ndiyo. "Kambo ya bwana yangu alikikaliaka."

Mfalme mwenyewe alikua kila Jumapili. Mwanzoni alikuwa wa mlima mmoja. Baada ya Pasaka alikuwa ametawala mpaka Lualaba. Siku moja mama fulani wa parokia, mwenye midomo isiyotulia, akauliza, "Lakini Mama, ninyi si wa upande wa Niemba? Kule kulikuwa mufalme gani?" Kambo akatabasamu, akamletea chai bila sukari, na yule mama hakualikwa tena.

Hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Na kazi ya kukipaka mafuta kila Jumamosi ilikuwa yangu, peke yangu. Kambo alinipa kitambaa na kikombe cha mawese, akasimama mlangoni, hakuvuka kizingiti mpaka nimalize. Hata siku kiti kilipohitaji kusogezwa kwa sababu ya mvua kuvuja, aliniita mimi nikisukume, nami nilikuwa na mikono kama vijiti vya kuchokorea meno. Nilidhani hataki kuchafua nguo.

Siku ya kwanza ya kupaka niliuliza, "Kambo, huyu ni nani?"

"Mutumwa," akasema. "Wafalme hawakukalia mti mutupu. Walikalia mutu."

Nikaendelea kupaka. Nilipofika usoni aliongeza, kwa sauti ileile ya kuuliza kama chumvi imetosha, "Angalia muzuri huo uso. Haumujue? Njo mama yako huyo."

Kisha akaenda kutazama sufuria lake.

Mtu mzima angejua kwamba ni sumu tu inatemwa. Mimi nilikuwa mtoto. Hakuna aliyekuwa ameniambia Mama alikwenda wapi. Walinipeleka kwa jirani siku ya mazishi, nikala wali, niliporudi kitanda chake kilikuwa kimetolewa nje. Nilikuwa nimeuliza na kuuliza mpaka wakanikataza. Sasa nilikuwa nimejibiwa. Mama yupo pale, chini ya kiti. Na kwa kuwa katika nyumba ile mtu alipiga magoti akiwa amekosa, nikaelewa kwamba Mama amekosa. Nilitazama kile kidole kilichovunjika nikaona wazi kwamba amevunja kitu kikubwa, labda sahani zote, na hayo ndiyo malipo yake.

Maana mimi nami nilipigishwa magoti. Nikichelewa na maji, nikiunguza maharagwe, nikicheka kanisani, Kambo alinipeleka kwenye ile pembe na kunipa beseni la maji nilishike juu ya kichwa kwa mikono miwili. "Mwige mama yako," alisema. Akaenda kunywa kahawa yake barazani. Tone likidondoka sakafuni, alikuja, akaongeza maji, tukaanza upya. Hakunipiga hata kofi moja. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyokwaruza, na alama zake ziko hapa kwenye magoti, wanangu hufikiri nilianguka kwenye baiskeli.

Lakini niwaambie kitu ambacho Kambo hakukijua. Mimi sikuchukia pembe ile. Nilikuwa na Mama. Nilimtazama kwa pembeni nijifunze anavyoweza, nikaona: viwiko anavibana karibu na masikio, mgongo hauukazi, shingo ndiyo inafanya kazi. Nikafanya hivyo, na maji yakaacha kumwagika. Nilimsimulia habari za shule. Nilimwomba msamaha kwa kumpaka mafuta machoni. Na kwa kuwa sikuwahi kumwona akiletewa chakula, nikaanza kumfichia tonge la bukari, ugali wetu wa huku, kwenye mkunjo wa kikwembe nilichojifunga, na sombe kidogo ya majani ya muhogo. Nilimbandika mdomoni, nikamgeuzia kisogo, maana mtu mwenye njaa hapendi kutazamwa.

Siafu ndio walionisaliti. Jumapili moja kitambaa kilipotolewa mbele ya wageni, midomo ya yule mwanamke ilikuwa inatembea. Wageni walirudi nyuma. Kambo akawasindikiza mpaka njiani. Halafu akaniambia nibandue bukari yote, kavu, na wadudu wake, niitie kwenye sahani.

"Kile unamupa mutumwa, kula na weye," akasema, akavuta kigoda akaketi kunitazama.

Nilikula. Ladha yake siisemi, nasema tu kwamba nilikuwa na furaha kidogo ya kipumbavu, kwa sababu tulikuwa tumekula sahani moja, mimi na Mama.

Mjomba alikuja wakati wa kiangazi, baada ya bunduki kunyamaza na boti kuanza tena kwenda kusini. Sikumjua. Nilifungua mlango nikaona mwanaume mwenye masikio ya Mama, yale yaliyochomoza juu, amevaa koti katika joto lile. Alivua kofia mbele ya Kambo.

"Mama, miye ni kaka ya marehemu, wa Mpala," alisema. "Vita ilitukatalia njia. Hata kumulilia hatukuweza. Sasa njia imefunguka."

Kambo alimpa pole, akamkalisha, akaniagiza chai. Nilikuwa narudi na sinia aliposema lililomleta.

"Nimekuja kwa mambo mawili. Kiti ya mama yetu, ile dada alikimbia nayo kichwani. Na mutoto ya dada."

Nilisimama pale pale na sinia. Basi kile kiti kilikuja na Mama. Aliokimbia nao walibeba masufuria na mbuzi, yeye alibeba kiti kichwani, akaingia nacho Kalemie, akaolewa nacho, na alipokufa Kambo akakitafutia mfalme wa kwake. Kambo hakupepesa jicho. Alichukua kikombe kwenye sinia, akanywa funda moja la chai.

"Kiti iko," akasema. "Na mutoto iko. Munaona mwenyewe, njo huyu."

Tukaingia chumbani. Nikatoa kitambaa. Mjomba alivua viatu mlangoni, akapiga magoti, mtu mzima na koti lake, akapiga makofi ya taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, kama wanavyosalimu wakubwa kwao. Akatoa mfukoni bonge la udongo mweupe, akampaka yule mwanamke tumboni, juu ya chale, kisha akajipaka mwenyewe kwenye mikono.

"Mama," alisema. "Mama yetu."

Kwa hiyo ilikuwa kweli. Mtu mwingine, mtu mzima, alikuwa amemtambua. Lakini huyu hakusema naye kama mtu anayesema na mtumwa, na hilo lilinichanganya mpaka nikafungua mdomo bila ruhusa.

"Papa, huyu si mutumwa?"

Aligeuka. Mara ile ndiyo ya kwanza kunitazama. "Nani alikuambia vile? Huyu njo mwenye kiti. Mufalme alikaa juu, ndiyo, lakini mufalme bila huyu hakuna. Kwetu ufalme unapita katika tumbo ya mwanamuke. Watoto yangu miye si wa kiti, wale ni wa kwa mama yao. Mutoto ya dada njo wa kiti. Na mafuta, ni mwanamuke wa hii tumbo tu anaipakaa. Mwingine akigusa, anajitafutia shida."

Nilimtazama Kambo, pale mlangoni, vidole vya miguu vimekoma kwenye kizingiti. Alikuwa akijua. Siku zote alikuwa akijua, na alikuwa anaogopa, na ndiyo sababu nilikuwa bado nalala ndani ya nyumba yake.

Mjomba aliyasema yote hayo akipapasa mti, si mimi. Kisha alikiinamisha kiti, akakigonga chini kwa kifundo cha kidole akisikiliza kama kuna mchwa, akakinusa, akapitisha kucha kwenye kila ufa. Kidole kilichovunjika kilimsikitisha sana, aliuliza kilivunjika lini. Jina langu hakuliuliza.

Walirudi sebuleni, nami nikabaki nyuma ya pazia. Sauti ya Kambo ilikuwa tamu siku ile.

"Papa, tusikie vizuri. Mwana wangu alitoa mahari. Kwetu miye, mutoto ni wa baba. Na hiyo kiti, ni miye niliikatalia askari wakati walitaka kuipasua kuni. Nimeichunga vita yote. Vyote viwili havitatoka humu kwangu. Chagua kimoja. Mutoto ao kiti."

Kambo, bila kungoja jibu, aliita kwa sauti nisikie, "Weye, kamata nguo zako." Alikuwa amekwisha kupiga hesabu zake. Ni mwanaume gani angeacha mtoto wa dada yake aliyekufa achukue gogo? Atamchukua mtoto, kiti kitabaki, na kitabaki kwa haki, kimeachwa na wenyewe mbele ya macho. Nasema ukweli, hata leo nikimpima kwa hasira yangu yote, katika hilo Kambo alimfikiria Mjomba vizuri kuliko alivyostahili.

Nilikuwa na gauni mbili na sweta. Nikazitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaosha miguu, nikakaa kwenye ngazi ya mlango wa mbele, mfuko mapajani. Ziwa lilikuwa linaonekana kutoka pale. Nilijaribu kukumbuka kama nimewahi kupanda boti. Nilijiuliza Mama ataachwaje peke yake na Kambo, na hilo ndilo lililonitoa machozi, sikuwa na habari na jambo lingine.

Nyuma yangu nikamsikia Mjomba.

"Mutoto atakomaa hata hapa," alisema. "Kiti, nikiiacha, njo basi. Nitabeba kiti. Mutoto nitamurudilia."

Nikasikia kikombe kinawekwa chini.

"Umesema kiti?" Kambo aliuliza.

"Kiti, Mama."

Akapita karibu yangu na kiti begani, kimefungwa kwenye kile kitambaa cheupe. Kambo alitoka mpaka mlangoni. Sijui kama nimewahi kuona uso wa mtu ukianguka hivyo. Aliangalia kile kitambaa kinateremka kuelekea ufukweni, akanitazama mimi na mfuko wangu, na nikamwona anapata cha kushika tena.

"Umeona?" akaniambia polepole. "Hata kwenu."

Mimi sikumsikia vizuri, nilikuwa na shughuli. Nilikuwa nafikiri haraka kwa akili zangu za utoto. Mjomba amemwita Mama. Amempigia magoti. Amemchukua, anampeleka kwao, hatapiga magoti tena kwenye pembe ya Kambo. Ni haki aende yeye kwanza, yeye ameumia zaidi. Akifika atamwambia Mjomba kuhusu mimi. Nikakimbia mpaka ufukweni. Mjomba alikuwa anasemezana na mwenye boti, kiti kimewekwa mchangani. Nikauma pindo la sketi yangu ya shule, ile ya buluu, nikachana kipande, nikaingiza mkono chini ya kitambaa cheupe na kumfunga Mama shingoni ili asisahau.

"Ukifika, umwambie arudi," nilimnong'oneza.

Walikipakia mbele, juu ya magunia ya unga, wakakifunga kwa kamba. Pembeni yake palikuwa na nafasi. Niliiona. Mtu angekaa pale vizuri kabisa, hata mtu mkubwa. Nilipunga mkono mpaka boti ikapita mawe ya kusini, na nilirudi nyumbani nikiimba.

Sketi iliyochanika Kambo hakuishona wala hakuniadhibu nayo. Alinivalisha hivyo hivyo mpaka mwisho wa mwaka wa shule. Wageni wa Jumapili aliwaambia mfalme ameitisha kiti chake, wakacheka kwanza, kisha wakaacha kuja. Nadhani alikuwa amebaki mpweke kuliko alivyojua, na hakukuwa na mwingine wa kumtolea uchungu wake. Jioni moja alikuwa barazani anachambua maharagwe, miguu yake imevimba kama ilivyokuwa ikivimba siku za joto. Akaniita.

"Kiti imeenda," akasema. "Kuya weye."

Akanionyesha kwa kidole namna ya kukaa, magoti na mikono sakafuni, akaweka miguu yote miwili mgongoni mwangu. Akaendelea na maharagwe. Yakawa hivyo jioni baada ya jioni. Majirani walipita, wakasalimu, wakaitikiwa. Mimi nilibana viwiko, nikalegeza mgongo, nikaacha shingo ifanye kazi. Nilikuwa nimefundishwa vizuri. Na kila boti ya kusini ilipofika nilikuwa ufukweni, nikitafuta koti.

Nilimpata kweli, lakini nilikuwa nimekwisha kuwa msichana, kifua kimeanza kuota. Nilikuwa nimebeba beseni la ndagala kichwani, pale wanaposhushia samaki. Koti lilikuwa lilelile. Alinitambua, niliona anatambua, maana alitafuta kwa macho njia nyingine kati ya mabeseni na hakuipata.

"Shikamoo, Mujomba. Mama anaendelea?"

Hakushangaa swali. Uso wake uling'aa hata. "Anaendelea muzuri. Tulimujengea nyumba, ya mabati. Kuko na mulinzi. Mvua haimufikie tena."

Wakati ule mimi nililala jikoni, kati ya gunia la makaa na kuku. Nilingoja aulize. Alinipa samaki mmoja mkavu, akanishika bega, akasema nimsalimie Kambo, akaenda zake. Nilisimama pale na beseni kichwani, na hapo ndipo ilipoingia akilini, yote kwa mara moja. Mama yangu alikuwa kaburini tangu zamani. Ule ulikuwa mti. Walikuwa wameujengea nyumba mti. Nilimchukia siku ile na sijaacha, na hata niliposikia amekufa sikuhisi kwamba deni la chuki limekwisha.

Kambo alifia mikononi mwangu, nani mwingine alikuwapo. Hakuomba msamaha, wala mimi sikungoja auombe. Nilimwosha mwenyewe, miguu nikaiosha mwisho. Nyumba yake ziwa limeimeza hii miaka ya maji kupanda. Ukisimama kule juu ninakokaa sasa, unaona bado ncha ya ukuta wa jikoni, ndege wameikalia. Ile pembe iko chini ya maji.

Sasa mnaelewa kwa nini chupa ile ilinikuta vibaya.

Aliyeileta anaitwa Feza, binti wa Mjomba, mwanamke mpole, mdogo kwangu. Alikaa kwenye ukingo wa kiti changu cha mezani, amechoka na safari, akaniita Yaya, dada mkubwa, kwa heshima zote.

"Yaya, kiti inapasuka," alisema. "Ufa umeanzia juu, sasa uko kwa uso. Shangazi mudogo njo alikuwa anaipakaa, amekufa, na alizaa wanaume tupu. Hakuna mwanamuke mwingine."

"Na wewe?"

"Miye siwezi kuigusa. Miye ni wa kwa mama yangu." Aliinamisha macho. "Papa, mbele ya kufa, alisema, mutafute mutoto ya dada. Alirudilia hilo neno mara mingi."

Mtu alikuwa na dada mmoja aliyemzalia mrithi wa kike, akamwacha kwenye ngazi na mfuko wa plastiki, kwa sababu alihofia kupoteza ufalme. Sikusema hivyo. Niliuliza kama yule mwanamke bado ana kitu shingoni.

"Kile kitambaa ya buluu?" Feza aliinua kichwa. "Yaya, kumbe unajua. Njo alama ya ufalme. Wazee wanasema ni ziwa, wakubwa wa zamani walimuvalisha ziwa. Wageni wanakuja kupiga picha. Hakuna ruhusa ya kuikamata."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nilimwambia ni pindo la sketi yangu ya darasa la pili. Akatabasamu kwa adabu, akasema, "Yaya, usitanie hiyo kitu."

Binti yangu Sifa alikuwa sakafuni na madaftari yake, analalia tumbo, miguu inapiga hewani. Feza alimtazama muda mrefu, na macho yake yalikuwa yale niliyowahi kuyaona, ya kugonga mti na kusikiliza.

"Na huyu pia njo wa kiti," akasema. "Wazee walisema ukuje naye. Abaki kule, ajifunze kupakaa. Kuko nyumba."

"Ya mabati," nikasema. "Na mulinzi."

"Ndiyo, Yaya."

Nikainuka. Nilikata uzi wa nyavu kwa kisu, nikatia kikaango motoni, nikamimina chupa yote mpaka tone la mwisho. Moshi wake ulijaa nyumba. Feza alisimama, mkono mdomoni. Nilimenya makemba, zile ndizi za kupika, nikayakata mapana, nikayaweka moja moja, yakalia vizuri katika mafuta. Yalipokuwa mekundu nikayatia chumvi, nikaweka sahani katikati, nikamwambia Sifa aache madaftari.

Feza alikuwa hajala tangu boti. Alisimama kwa muda akitazama sahani, kisha akaketi, akachukua kipande kimoja, akalia kidogo huku anatafuna.

"Nitaenda kuwaambia nini, Yaya?"

"Waambie mafuta yamefika kwa mwenyewe."

Sifa alikula mpaka akalamba vidole, mafuta yakamfika kidevuni. Nilitaka kumpangusa, nikaacha.